Mashine Nazo Zipange Foleni

Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru, kule mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikazima. Mitambo iliyobaki ikalemewa na mzigo, nayo ikazima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Wakenya walicheka mpaka mbavu zikauma, maana si kila siku mnyama wa kilo chache huzima nchi. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na watu wa Shirika la Wanyamapori.

Mpenzi msomaji, huenda unajiuliza tumbili wa Gitaru ana undugu gani na simu, kwa maana makala haya ni ya simu. Undugu upo. Stima inapopotea kila mtu huikumbuka dakika ile: ulikuwa wapi, ulikuwa unakula nini. Mimi nataka tuifikirie dakika inaporudi. Katika dakika hiyo kila kitu kilichokuwa kimezima huamka, tena huamka pamoja. Zamani kilichoamka kilikuwa taa, redio na jokofu, na vitu hivyo havina habari na mtu. Siku hizi ndani ya mashine nyingi kuna laini ya simu kama ile iliyo katika simu ya babako. Mashine hiyo ikiamka, jambo la kwanza inalotaka ni kuingia kwenye mtandao. Haingoji asubuhi. Inataka sasa hivi, na jirani yake anataka sasa hivi, na zile nyingine elfu kadha za mtaa mzima zinataka sasa hivi.

Swali langu ni hili: zikibisha hodi zote pamoja, nani atasikika? Na msimamo wangu, ambao najua si wote watakaoukubali, ni kwamba nchi yetu isiruhusu kuuzwa mashine yoyote isiyojua kungoja.

Watu wengi hudhani kwamba mtandao wa simu hujaa kwa sababu ya maneno mengi, yaani watu wanapiga soga kupita kiasi au wanatazama video hadi usiku wa manane. Ni kweli, hujaa hivyo pia. Lakini kuna kujaa kwa aina nyingine, ambako mtandao hukwama na hata neno moja halijasemwa. Kabla simu haijatuma chochote, sharti kwanza iujulishe mnara kwamba ipo na inataka kuingia. Hiyo ndiyo hodi. Mnara ukiisikia hujibu "karibu" na kuipa simu nafasi yake ya kusemea. Pasipo hodi hakuna karibu, na pasipo karibu hata ujumbe wa neno moja hautoki.

Katika mitandao ya 4G kuna hodi za aina 64. Kwa kawaida aina kumi hivi huwekwa kando kwa kazi maalum, kama vile simu inayohama kutoka mnara mmoja hadi mwingine mwenyewe akiwa ndani ya matatu, na zile 54 zinazobaki huachiwa umma. Mlango wenyewe, katika mpango mmoja unaotumika sana, hufunguliwa mara 200 kwa sekunde. Kila simu hujichagulia hodi kama mtu anayechomoa karata bila kutazama. Sasa tuseme simu mbili zimechomoa karata moja kwa wakati mmoja. Mnara husikia hodi moja tu. Hujibu "karibu" mara moja, nazo simu zote mbili, kila moja ikidhani imekaribishwa yenyewe, hujisukuma mlangoni. Hapo hugongana, na hakuna inayoingia. Hurudi nyuma, hungoja kidogo, hubisha tena.

Sisi wanafunzi tunalijua jambo hili vizuri kuliko wahandisi. Mwalimu akiuliza swali rahisi, darasa zima hulipuka, "Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!" na vidole vikapigwa hewani kama kuni zinazopasuka motoni. Mwalimu hasikii jibu hata moja. Si kwamba jibu halipo. Majibu ni arobaini, na ndiyo sababu hakuna lililosikika. Akiwa mwalimu mwenye busara hatawaambia wapaze sauti. Atasema, "Mmoja mmoja."

Mtu wa hesabu atazidisha 54 kwa 200, apate nafasi 10,800 kwa sekunde, aseme, ala, hizo si haba! Lakini nafasi na kufaulu ni mambo mawili. Aliyetuonyesha hivyo ni Norman Abramson, profesa wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye mwaka wa 1971 pamoja na wenzake walianza kuunganisha tarakilishi za visiwa vile kwa redio badala ya nyaya. Kila kituo kiliruhusiwa kusema kinapotaka. Kikigongana na kingine, kingoje muda wa kubahatisha kisha kirudie. Mtandao wao waliuita Aloha, na aloha ni neno la maamkuzi la wenyeji wa Hawaii, kwa hivyo waweza kusema nao walianza kwa hodi. Abramson alikokotoa kwamba kwa mtindo huo, hata mambo yakienda vizuri kabisa, njia itafanya kazi kwa asilimia 18 tu. Mwaka uliofuata, Lawrence Roberts akaonyesha kwamba vituo vikilazimishwa kuanza kusema kwa mpigo mmoja, kama askari wanaopiga gwaride, kiasi hicho hufika asilimia 37. Hapo ndipo mwisho. Ukiongeza hodi kupita hapo, zinazofaulu hazibaki palepale. Hupungua, kwa sababu kila mgongano huzaa hodi nyingine, na hodi hizo huzaa migongano mingine. Dawa inakuwa ndiyo ugonjwa.

Kwa hesabu hiyo, zile nafasi 10,800 zinageuka kuwa hodi 4,000 hivi zenye kufaulu kwa sekunde, tena siku ambayo kila kitu kimenyooka. Mwaka wa 2011, shirika la 3GPP, ambalo ndilo linaloandika kanuni za mitandao ya simu duniani, lilitoa ripoti kuhusu jambo hili hili la mashine. Walichukua mfano wa vifaa 30,000 chini ya mnara mmoja. Vilipobisha hodi vikiwa vimetawanyika sawasawa katika dakika moja, viliingia bila shida. Vifaa hivyo hivyo, katika mnara ule ule, vilipobanwa vyote ndani ya sekunde kumi, kama vile baada ya stima kurudi, vilivyofaulu havikufika hata theluthi moja. Vingine vilibisha mara kumi, vikashindwa, vikakata tamaa. Wala usidhani vifaa viliongezeka au mnara ulipunguzwa nguvu. Kilichobadilika ni muda peke yake. Ndiyo maana nasema ugonjwa huu hauletwi na wingi, unaletwa na pupa.

Mtu atasema, mbona sisi wanadamu ni wengi na mtandao haujafa? Kwa miaka mingi matokeo ya KCSE yalipatikana kwa ujumbe mfupi, na siku yanapotangazwa wazazi wote nchini walishika simu. Usiku wa mwaka mpya ndio usiseme. Ni kweli, mitandao ililemewa, lakini mwanadamu ana sifa moja inayomwokoa: hachelewi kuchoka. Akijaribu mara tatu akashindwa, husonya, akaweka simu mezani, akaenda kuchemsha chai. Mwingine alikuwa anaoga, mwingine amelala, mwingine hana salio. Hivyo basi, bila kupanga na bila kutaka, tunajitawanya. Uvivu wetu umekuwa neema kwa mnara. Mashine haina chai ya kuchemsha. Ikiwa aliyeiandikia programu aliiambia ibishe kila sekunde hadi ifunguliwe, itabisha kila sekunde hadi kiama. Ikiwa aliiambia itume ripoti saa sita kamili usiku, itatuma saa sita kamili, wala si na dakika moja. Na wanaoandika programu nao ni binadamu wanaopenda saa kamili, kwa hivyo saa sita ya huyu ndiyo saa sita ya yule.

Labda wewe bado unaona haya ni ya kinadharia. Basi twende Japani.

Alasiri ya tarehe 14 Oktoba 2021, kampuni ya simu ya NTT Docomo ilikuwa ikibadilisha mtambo unaohifadhi habari za mahali vilipo vifaa vya mashine: mashine za kulipia ndani ya teksi na nyinginezo za namna hiyo. Mtambo huo ni kama kitabu cha wageni. Kila kifaa lazima kijiandikishe humo, la sivyo mtandao haujui kipo wapi. Mtambo mpya ukaleta matatizo, wahandisi wakaamua kurudi kwa ule wa zamani. Uamuzi wa busara kabisa, ungedhani. Lakini kule kurudi kulivifanya vifaa kama 200,000 kutaka kujiandikisha upya kwa wakati mmoja. Njia zinazopitisha ujumbe wa kujiandikisha zikafurika, na njia hizo si za mashine peke yake. Simu za watu hupita humo humo. Watu zaidi ya milioni 12 wakaathirika, simu zikakatika au zikagoma, na hali haikutengemaa kikamilifu hadi usiku wa siku ya pili.

Hebu pima. Docomo ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 80. Vifaa 200,000 ni kama kimoja katika kila 400. Ni kama shule ya wanafunzi 400 izibwe mlango na mwanafunzi mmoja! Tena vifaa hivyo havikuwa vibovu, wala hakuna mwizi aliyeviingilia. Vilifanya kile vilichoagizwa, na kila kimoja kikiwa peke yake hakikuwa na hatia yoyote.

Wajapani si watu wa kufanya kazi ovyo, tunajua. Hata hivyo mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 2022, kampuni nyingine, KDDI, ilikumbwa na maafa makubwa zaidi. Kosa dogo lilitokea usiku katika kubadilisha kifaa kimoja cha kuelekeza mawasiliano. Simu zilikatika kwa muda mfupi. Ziliporudi, zote zikataka kujiandikisha. Mambo hayakutulia kwa saa 61, na walioathirika walizidi milioni 30. Waliotaka kupiga simu za dharura kwa laini za kampuni hiyo walitaabika. Lakini kilichonishangaza mimi ni vitu vingine vilivyonyamaza pamoja na watu: mashine za kutolea pesa za benki moja, na vituo vya kupimia hali ya hewa ambavyo habari zake hazikuwafikia wataalamu. Yaani mashine zilikuwa zimekwisha shikamana na maisha ya watu kiasi kwamba huwezi tena kusema huu ni mtandao wa watu na ule ni wa mashine. Mlango ni mmoja.

Sasa turudi kwetu, maana wengine watasema Japani ni mbali. Mita za stima za tokeni tulizozizoea nyumbani ni bubu. Wewe ndiwe unayebonyeza zile tarakimu 20 kwa kidole, na mita haiongei na mtu. Lakini mashine zenye laini zimekwisha ingia, tena kwa njia nzuri. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza hapa Kenya, ilianza kuuza taa za sola kwa mkopo mwaka wa 2012. Mteja analipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ndani ya kile kisanduku cha sola mlikuwa na laini ya simu ya kukifungulia akishalipa. Kuna vifaa vya kufuatilia magari na pikipiki. Kuna mashine za kupitishia kadi madukani na hotelini. Kuna pampu za maji, kuna king'ora cha nyumba ya tajiri. Mimi sizipingi hata kidogo. Ningekuwa na uwezo ningezidisha. Ninachosema ni kwamba kila moja inaletwa na mwenyewe, kwa sababu zake, naye hajui mwenzake ameleta ngapi, ilhali mnara ni ule ule ulio kilimani.

Na sisi ni nchi ambayo stima hupotea. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa, na wengi hawakuona mwanga hadi kesho yake. Tuseme miaka michache ijayo usiku kama huo unarudi, na kila nyumba mtaani ina mita inayojisomea na kutuma hesabu yenyewe. Stima inarudi saa nane za usiku. Katika sekunde hiyo hiyo kuna mama mjamzito ambaye uchungu umemshika, na mkunga anatafuta gari la kumpeleka hospitali. Anapiga simu. Simu yake inabisha hodi katikati ya mita elfu ishirini ambazo kila moja ina habari kubwa sana ya kuujulisha ulimwengu, kwamba imetumia uniti sifuri tangu jioni. Ni nani mwenye haraka hapo?

Katika mdahalo mmoja wa chama chetu, niliambiwa na mwenzangu kwamba demokrasia ni wengi wape. Nikamjibu, kwa wanadamu, sawa. Lakini kwa mashine, wengi ni nani? Mtu mmoja anaweza kuwa na simu moja na mashine kumi. Tukienda kwa wingi, mkunga atashindwa kura kila siku.

Kuna wanaosema dawa ni kuongeza minara. Kwa kijiji kisicho na mnara, naam, kijengewe, hata jana. Ila kujenga minara kwa ajili ya zile sekunde kumi za mwaka ambazo kila kitu kinaamka, kisha isimame kazi bure siku zote zilizobaki, ni sawa na kujenga barabara ya njia kumi kwa sababu ya msafara wa harusi moja. Nani atalipa? Ni mimi na wewe, kwa kadi za kukwangua. Na minara mia haingewasaidia wale wa Docomo, kwa maana kilichoziba pale hakikuwa mlango wa nje. Kilikuwa kitabu cha wageni kilicho ndani ya nyumba.

Wengine husema suluhisho ni kizazi kipya cha mitandao, 5G, ambacho wakubwa wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, walikiwekea sharti mwaka wa 2017 kwamba kiweze kuhudumia vifaa milioni moja katika kilomita moja ya mraba. Milioni moja! Nambari hiyo hupamba matangazo mengi. Lakini soma sharti lenyewe kwa makini. Katika upimaji, hata kwa kipimo kilicho kigumu, kila kifaa kinadhaniwa kutuma ujumbe mmoja wa baiti 32 kila baada ya saa mbili. Baiti 32 ni kama sentensi ya "Nimefika salama mama, nipigie". Gawanya milioni moja kwa sekunde za saa mbili, utapata ujumbe 139 hivi kwa sekunde. Hapo ndipo siri ilipo. Milioni moja inatosha endapo hizo mashine zina adabu ya kusema kwa zamu. Zikiamka zote pamoja, ile milioni si sifa tena. Ni umati mlangoni.

Na wapo wale wa upande wa pili kabisa, wanaotaka mashine zote zikatwe mtandao ukilemewa: watu kwanza, basi. Msimamo huu unavutia, na nusura nami niushike. Lakini ile taa ya sola iliyolipiwa jioni inamwangazia mtoto wa darasa la saba anayesoma. King'ora cha moto ni mashine. Kifaa kinachompigia daktari mgonjwa anapoanguka nyumbani peke yake ni mashine pia. Kwa upande mwingine, kijana anayetaka kuona matokeo ya mpira ni mtu. Kwa hivyo foleni haiwezi kupangwa kwa kuuliza "wewe ni mtu au chuma?" Ipangwe kwa kuuliza, "Ukingoja dakika kumi, nani ataumia?" Mita ya stima ikingoja dakika kumi hakuna anayeumia. Ikingoja hadi alfajiri, hakuna anayeumia.

Habari njema ni kwamba foleni yenyewe imekuwapo zamani. Jambo ambalo labda hulijui: laini iliyo katika simu ya mamako imeandikwa namba ya kundi, kutoka 0 hadi 9. Mnara ukilemewa unaweza kutangaza kwamba makundi fulani yangoje kwanza, kisha ukabadilisha, kama sisi tunavyoitwa bweni kwa bweni kwenda kula ili jikoni pasije pakavunjwa. Juu ya hayo kuna makundi maalum, 11 hadi 15. La 12 ni la vyombo vya usalama, la 14 ni la huduma za dharura. Kisha katika kanuni zilizokamilishwa mwaka wa 2012 ukaongezwa uzio wa pili kwa ajili ya mashine zisizo na haraka, ili mnara uweze kuzizuia bila kuwazuia watu. Mpango mzuri huo. Tatizo ni kwamba unakifunga kifaa kilichotengenezwa kutii tu. Kifaa cha bei rahisi chenye moyo wa kizamani hata hakielewi tangazo, sembuse kulitii. Ni kama kuweka ubao wa "Pangeni Foleni" mbele ya watu wasiojua kusoma.

Ndiyo sababu mzigo huu siutupi kwa kampuni za simu peke yao. Naurudisha kwa anayetengeneza, anayeingiza na anayeruhusu. Hapa Kenya, kifaa cha mawasiliano hupaswa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano kabla hakijauzwa. Hukaguliwa kama mawimbi yake ni ya kiasi kinachotakiwa na kama hakitamdhuru mtu. Mimi nataka uongezwe mtihani mmoja, nao ni wa adabu. Chukua vifaa mia vya aina moja. Vizimie stima, viwashie, tazama. Je, vinabisha hodi vyote kwa sekunde moja, au kila kimoja kinajichagulia muda wake wa kungoja? Kisha vifungie njia kabisa, tazama tena. Je, kila kikikataliwa kinaongeza muda wa kungoja, au kinagonga mlango kama mtu anayedai deni? Kilichofeli kirudishwe kilikotoka. GSMA, chama cha makampuni ya simu duniani, kimekwisha andika mwongozo unaovitaka vifaa vitawanye muda wake namna hiyo, kwa hivyo hatutungi sheria mpya hewani. Lakini mwongozo ni ushauri, na muuzaji wa bei rahisi hana muda na ushauri. Anatambua kitu kimoja, mzigo wake kukwama bandarini Mombasa.

Watanijibu ati sheria hiyo itapandisha bei na kuwatisha wawekezaji. Kwa jambo gani? Hatumwambii mtu anunue mtambo. Kungoja muda wa kubahatisha ni mistari michache ya programu. Abramson na wenzake waliifanya na tarakilishi za mwaka wa 1971, ambazo nguvu yake haifikii ile ya simu ya mulika mwizi. Kinachokosekana si pesa. Ni mtu wa kuuliza tu, na mpaka sasa mnunuzi haulizi kwa sababu hajui, na muuzaji hasemi kwa sababu hajaulizwa.

Tunaweza kuanza kuuliza hapa hapa shuleni. Kila mwaka, katika maonyesho ya sayansi na uhandisi, wanafunzi huleta vifaa vya kunyunyizia mimea maji, vya kulinda mifugo, vya kupima kina cha mito, na vingi kati ya hivyo vina laini ndani ya kumtumia mwenye shamba ujumbe. Waamuzi huuliza kifaa kimegharimu pesa ngapi, na kinafanyaje kazi. Mwaka huu naomba wamwulize kila mshindani jambo moja zaidi, nao washindani waje na jibu: stima ikirudi usiku wa manane, nawe umeuza vifaa vyako elfu kumi katika kaunti moja, kila kimoja kitangoja muda gani kabla hakijabisha hodi?